Gurudumu la Kusindikiza Wageni

Taasisi ya Juu ya Teknolojia ya Cyangugu inapenda kuutangazia umma, kupitia kwangu mimi Vénuste, Katibu wa Kudumu wa Baraza la Masomo, kwamba jamii ya binadamu sasa inapimika. Kifaa kipo. Kina gurudumu, mpini na kengele. Kimejaribiwa mbele ya ujumbe kutoka Kigali, kimepigiwa kura na Baraza, na matokeo yake yametiwa sahihi na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe.

Najua watu wanaisimulia habari hii kwa namna yao, hasa wale akina mama wa sokoni Kamembe ambao hawakuhudhuria kikao hata kimoja. Wakifika katikati wanacheka mpaka wanashindwa kumalizia. Kwa hiyo nimeona niieleze mimi, kwa utaratibu.

Taasisi yetu ilifunguliwa baada ya vita kwa ajili ya mitambo. Nchi ilikuwa imebomoka, nasi tulipewa kazi ya kuijenga: umeme, maji, vyuma. Lakini wafadhili wakasema nchi iliyopitia yale tuliyoyapitia inahitaji pia watu wanaoelewa watu, na wakaweka sharti: bila Idara ya Sayansi ya Jamii hatupati mashine za kuchongea vyuma. Tukakubali, maana mashine tulizihitaji sana. Idara tuliipa chumba kilichopakana na jenereta. Umeme wa mji ukikatika, jenereta inanguruma, na mhadhiri anaendelea na somo kwa ishara za mikono.

Mhadhiri mwenyewe ni mmoja, Papa Muderhwa, mtu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Kila asubuhi anavuka daraja la Rusizi kwa miguu. Kuna asubuhi anafika na kutuambia kwamba kwao usiku risasi hazikulala, kisha anaomba chaki.

Ili idara isijisikie mgeni, tuliipa utaratibu uleule wa idara nyingine. Wanafunzi wa jamii walivaa koti la bluu na kofia ngumu hata walipokwenda kuhoji watu. Wafanyabiashara wa kando ya ziwa walipowaona walidhani ni watu wa umeme wamekuja kukata nyaya, wakafunga maduka. Tuliandika kwenye ripoti kwamba jamii bado ina aibu mbele ya sayansi. Mitihani nayo ilikuwa ya kiufundi. Mwaka mmoja swali lilisema: chora ukoo wa baba yako kwa kipimo cha moja kwa hamsini, ukionyesha nguzo zinazobeba uzito. Mwanafunzi mmoja alimchora bibi yake mzaa baba, basi. Karatasi iliyobaki ilikuwa nyeupe. Nikadhani ameishiwa na muda. Papa Muderhwa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba muda haukumwishia.

Kisha Baraza likapitisha lile azimio ambalo najivunia kuliandika mwenyewe: kazi yoyote ya kumaliza masomo, katika idara yoyote, iwe na angalau sehemu moja inayozunguka. Wanafunzi wa mekanika walifurahi. Wa umeme wakaunga mkono. Katika Sayansi ya Jamii alikuwa amebaki mwanafunzi mmoja wa kumaliza, jina lake Dative.

Dative alizaliwa Bukavu, katika familia za Wanyarwanda waliokulia huko, wakarudi vita vilipokwisha upande huu na kuanza upande ule. Mama yake, Mukandori, anauza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa meza yake kwamba mwaka huu binti anamaliza. Kazi ya binti ilihusu kusindikiza mgeni.

Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa, lakini ripoti ni ripoti. Kwetu mgeni haachiwi mlangoni. Akisimama kuaga, mwenye nyumba naye anasimama, wanatoka pamoja, wanatembea. Mambo yenyewe yaliyomleta mgeni mara nyingi hayasemwi ndani. Yanasemwa njiani, wote wawili wakitazama mbele. Ukifika pale unapoona panatosha, unasimama, mnaagana upya. Dative alizunguka vilima vya Cyangugu akiuliza watu wanasindikizana mpaka wapi siku hizi. Kuna aliyebaki, kuna aliyerudi kutoka Kongo, kuna aliyekimbilia kambini na kurudishwa, na wote wanaishi kwenye kilima kimoja. Aligundua kuna nyumba ambazo wanapokeana vizuri kabisa, wanapeana kiti na kinywaji, lakini kusindikizana kunaishia kwenye ua. Na kuna nyumba ambazo mwaka ule walikuwa wameanza kufika hadi kwenye mti wa avoka, yaani parachichi, wa jirani. Kwake hiyo ilikuwa habari kubwa. Aliandika mti ule kwa kurasa nyingi.

Siku ya kuitetea kazi, Mkurugenzi Mkuu, Injinia Gasana, aliifunua kutoka nyuma kwenda mbele, kama anavyokagua injini.

"Sehemu yenye kuzunguka iko wapi?"

"Haiko, Papa Directeur," Dative akasema. "Kuko bantu wenye banatembea."

"Banatembea na nini?"

"Na miguu."

Injinia Ladislas, mkuu wa Mekanika, akaomba neno. Akaeleza kwamba mguu ni mwendo wa kwenda na kurudi, hauwezi kuhesabiwa kuwa mzunguko. Baraza likamshukuru.

"Monsieur le Directeur," Papa Muderhwa akasema, "huyu mutoto amekalisha bantu pamoja, bantu wenye habakukuwa banasalimiana. Unataka azungushe nini tena?"

"Kazi ni ya muzuri, Papa Muderhwa. Siikatae. Ila haizunguke."

Uamuzi ukatoka. Ujumbe wa Kigali wa kuikagua Taasisi ukifika kabla kazi haijapata mashine yenye kutoa namba, Idara ya Sayansi ya Jamii ifungwe, na Dative aanze upya mwaka wa kwanza wa Hidroliki. Nilimsomea mwenyewe. Hakulia. Aliniuliza tu kama katika Hidroliki pia kuna kofia, nikamhakikishia kwamba zipo.

Hapa lazima nimpe Mkurugenzi haki yake, kwa sababu watu wa sokoni hawampi. Yeye ndiye aliyeshuka karakana mwenyewe, akavua koti la suti na kuchora kifaa. Ladislas akachomelea. Walichukua gurudumu la baiskeli, wakalitia mpini, kengele, na kihesabio kilichong'olewa kwenye pampu ya kituo cha mafuta kilichoungua wakati wa vita. Mwanzoni umbali wa kusindikiza ulisomeka kwa lita, kasoro ambayo Ladislas aliirekebisha kwa hesabu. Gurudumu linamfuata mwenye nyumba, halimfuati mgeni: linaanzia kizingitini, na pale mwenye nyumba anaposimama, nalo linasimama. Mkurugenzi alilipima wiki nzima, akatia sahihi cheti cha usahihi wake, na siku hiyo nilimwona akiliegemeza ukutani na kulitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuona akimtazama nayo mtu.

Chombo cha namna hiyo kinahitaji njia ya majaribio iliyonyooka. Njia kama hiyo ilikuwapo moja tu, ile ya kuteremka kutoka kilimani hadi kwenye maboti. Tukaizungushia seng'enge. Akina mama waliokuwa wakipita hapo na mizigo walielekezwa wazungukie juu, upande wa kanisa, mwendo ambao kitaalamu ni mazoezi mazuri.

Majaribio ya kwanza yalikuwa na changamoto. Mzee Mulume wa Bukavu alimtembelea rafiki yake upande huu. Alipoaga, rafiki akamsindikiza, Dative nyuma na gurudumu. Watu wakaanza kushangilia kila kengele inapolia. Rafiki, kwa kuona anatazamwa, akamfikisha hadi darajani. Mzee Mulume akasema haiwezekani mtu aliyemfikisha mbali hivyo arudi peke yake, akageuka kumsindikiza. Walipofika nyumbani, rafiki naye hakukubali. Walikwenda na kurudi mpaka mlinzi wa mpaka akawaomba waamue uraia wao. Baraza lilipokea takwimu hizo kwa uzito. Ladislas alikokotoa kwamba, kwa sheria za fizikia, mtu anayerudi alikoanzia hajasogea, kwa hiyo urafiki wa wazee wale ni sifuri. Dative aliomba maoni hayo yasiingie kwenye kazi yake. Yaliingia kama kiambatisho.

Kisha ujumbe wa Kigali ukafika, ukiongozwa na Madame Nyiraneza, mwanamke mpole anayesoma kila anachopewa, tabia ambayo hatukuwa tumejiandaa nayo.

Mkurugenzi alitoa hotuba kwenye uwanja wa Taasisi. Alisema watafiti wengine hutumia wageni wa kawaida, lakini leo, kwa heshima ya ujumbe, mgeni atakuwa yeye mwenyewe. Akaahidi kwamba tungeona rekodi ya umbali. Akachagua nyumba ya Maman Véronique, mfanyabiashara wa vitenge, jirani yetu wa juu kilimani.

Dative akamfuata pembeni. Mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia.

"Papa Directeur, niko naomba. Mutafute mugeni mwingine."

"Juu ya nini?"

"Ile nyumba itasema kweli."

"Ni hivyo tunataka. Na gurudumu nayo itasema kweli." Akanigeukia. "Katibu, andika. Namba yenye itatoka leo njo ya mwisho. Ikitoka, mutoto amemaliza. Isipotoka, Hidroliki."

Niliandika. Dative alishika mpini kwa mikono miwili. Nilimwona anahesabu vitu kichwani, na sidhani vilikuwa mita.

Maman Véronique alitupokea vizuri sana. Alileta viti kutoka kwa majirani, akatoa Fanta, akampa Mkurugenzi kiti chenye mito. Mkurugenzi alimweleza faida za teknolojia. Alimweleza kwa muda mrefu. Alimweleza hata faida za seng'enge. Maman Véronique aliitikia kila pahali panapostahili kuitikiwa, mikono ikiwa juu ya mapaja. Hatimaye Mkurugenzi akasimama, akajinyoosha suti.

"Basi, Maman, sisi tunaenda."

"Aksanti kwa kufika, Papa Directeur."

Alimpa mkono kwa heshima zote, akamfikisha mlangoni, akasimama ndani ya kizingiti. Mkurugenzi akatoka. Gurudumu halikusogea.

Mkurugenzi alitembea polepole, akasimama, akafunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakina kamba. Akakohoa. Akageuka.

"Maman, mie naenda kabisa."

"Ndiyo, Papa. Muende muzuri."

Alirudi ndani kuchukua kalamu ambayo hakuwa ameisahau, ili aage upya kwa masharti bora zaidi ya kisayansi. Aliaga tena. Maman Véronique aliaga tena, pale pale. Nikaingilia kama Katibu, nikamwuliza mama huyo kwa nini hamsindikizi mgeni.

"Mie nina magulu ya kuuma," akasema. "Tangu mulifunga njia, niko nazunguka na mizigo juu ku kanisa. Ku jioni magulu haina nguvu."

Maelezo hayo yaliniridhisha. Nikaandika: sababu za kiafya, miguu. Ndipo Madame Nyiraneza aliposimama naye, akamshukuru mama kwa Fanta na kusema anatoka.

Maman Véronique alivuta kitenge chake kutoka kwenye kamba, akajifunga vizuri, akavuka kizingiti. Wakateremka bega kwa bega, wakizungumza, wakitazama mbele. Dative aliduwaa kidogo, kisha akakimbia nyuma yao na gurudumu, na kengele ikaanza kulia. Ililia kilima chote. Walipofika kwenye seng'enge yetu wakasimama, na nilimwona Maman Véronique akinyoosha kidole, na Madame Nyiraneza akishika waya kwa mkono na kuuangalia kwa makini. Hawakurudi. Walichukua njia ya kanisani, wakazunguka pamoja hadi ziwani, na mwenye magulu ya kuuma ndiye aliyekuwa anatembea mbele.

Baraza likaitishwa mchana uleule, ujumbe ukiwepo. Mkurugenzi alifungua kikao kwa sauti ya utulivu.

"Ni jambo la kawaida mu teknolojia. Gurudumu iliharibika kidogo ku mulango. Kisha ikajitengeneza."

Wahandisi walimtazama Ladislas, na Ladislas aliitazama meza. Dative alikuwa amekaa karibu na dirisha, Papa Muderhwa pembeni yake. Hakuna aliyehitaji kumweleza maana ya neno lile: kifaa kilichoharibika hakitoi namba, na bila namba ni Hidroliki.

Madame Nyiraneza akafungua kalamu. "Sawa. Basi nitaandika kwamba Taasisi ya Teknolojia imeshindwa kutengeneza gurudumu. Kwa kweli hapo sioni sababu ya kuwaachia karakana. Mashine zinaweza kuhamishiwa shule nyingine, hata wiki hii."

Ladislas akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Madame, ile gurudumu nilichomelea mie mwenyewe. Haina kosa. Iko na cheti. Cheti iko na sahihi ya Monsieur le Directeur."

"Kwa hiyo pale mlangoni lilisoma sawasawa?"

"Lilisoma sifuri, Madame. Sifuri ni namba." Akamgeukia Mkurugenzi, na namshukuru Mungu kwamba sikuwa mimi niliyelazimika kusema alichosema. "Unisamehe, Chef. Hakuna mwenye alitaka urudi. Hiyo haiko kosa ya mekanika."

Madame Nyiraneza akamwuliza Dative ana maoni gani.

"Mie sikutaka kumuhaibisha muntu," Dative akasema. "Nilimwomba. Lakini iko mu sura ya ine, niliandika mbele gurudumu haijatengenezwa. Bantu banasindikiza mugeni mpaka pale banataka arudiye. Kama habataki arudi, banafika ku mulango, banasema aksanti. Bako na adabu."

"Mkurugenzi, sura ya nne uliisoma?"

Mkurugenzi alisema aliianza kutoka nyuma.

Ikabidi tupige kura, na nilieleza utaratibu. Wanaosema gurudumu ni sahihi wanyooshe mkono. Wakishinda, namba inasimama, Dative amemaliza, na kumbukumbu za Taasisi zitaonyesha Mkurugenzi Mkuu ni mita sifuri. Wanaosema limeharibika wakishinda, Mkurugenzi anabaki na heshima yake, na mashine zinapanda lori. Mekanika wakanyoosha. Umeme wakanyoosha. Hidroliki, ambao walikuwa wakimsubiri Dative kwa hamu, wakanyoosha pia. Papa Muderhwa alinyoosha wa mwisho, bila haraka, na chaki kwenye vidole.

Akabaki Mkurugenzi. Alikuwa anaangalia gurudumu, lililoegemezwa ukutani. Nilimwona mtu aliyeteseka, nasema kweli, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya utumishi nilimhurumia. Alikuwa amechora kila spoki ya lile gurudumu kwa mkono wake. Akajifuta jasho, akanyoosha mkono.

"Gurudumu iko sawa," akasema.

Hivyo Dative alipata shahada yake kwa daraja la juu, na Injinia Gasana akatia sahihi hati inayosema kwamba Baraza, kwa kifaa kisicho na shaka, limethibitisha umbali ambao watu wa kilima kile wako tayari kutembea pamoja naye. Idara haikufungwa. Seng'enge iliondolewa kabla ya jua kuzama, kwa maagizo ambayo sikuandika mimi.

Ujumbe ulipoondoka, Mkurugenzi alichukua mkoba wake na kusema anakwenda nyumbani. Alisimama kidogo mlangoni. Ladislas akakumbuka kuna kitu karakana kinapoa. Mimi nikasema nina muhtasari wa kusafisha, jambo ambalo ni kweli, muhtasari daima unahitaji kusafishwa. Akashuka ngazi peke yake.

Ndipo Dative, hati ikiwa bado mkononi, alipotoka nyuma yake. Nilikwenda dirishani. Walipita kwenye jenereta pamoja, polepole. Sikusikia walichozungumza, ila niliona Mkurugenzi akiinua kichwa, kisha uso wake ukafunguka wote. Akasimama.

"Ungoje, mama," akapaza sauti, na hiyo niliisikia. "Ungoje hapo hapo. Nilete gurudumu, tuandike."

Alipanda ngazi mbio, akanipita bila kuniona, akalishika gurudumu na kushuka nalo. Dative hakuwapo. Alikuwa ameshatoka getini, anateremka ile njia iliyofunguliwa, na chini kwenye maboti mama yake alikuwa amesimama na beseni tupu la sambaza, akimpungia mkono.

Mkurugenzi alitazama kushoto na kulia. Halafu akaliweka gurudumu chini, akalisukuma mwenyewe hadi kwenye gari lake. Kengele ililia njia nzima, na namba ilitoka bila hitilafu yoyote.